Mizani iingie darasa la batiki na kanga

MHARIRI, tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme neno kuhusu ufundishaji wa sanaa na ubunifu wa vitambaa, kuanzia vyuo vikuu na vyuo vya ufundi hadi vikundi vya kina mama vinavyofundishwa batiki. Kila msimu wa maonesho, vijana hutundika kazi za kupendeza: nta iliyopasuka ikaacha michirizi kama ardhi ya kiangazi, kanga za kubuni zenye mji mpana na jina la kuchoma. Mnunuzi hulipa, hufika nyumbani, hufua mara ya kwanza, na maji ya beseni hugeuka wino. Huyo harudi tena. Na ukimwuliza mwanafunzi rangi aliipima vipi, jibu ni lile lile: vijiko vitatu.

Tunavyoona sisi, tatizo halimo katika vipaji vya vijana. Somo la kitambaa linafundishwa kama uchoraji tu, wakati nusu yake ni kupima, kujaribu na kuandika. Mwanafunzi anapewa brashi siku ya kwanza na anamaliza kozi hajawahi kushika mizani.

Tuanze na hicho kijiko. Maelekezo yanayozunguka katika semina nyingi ni haya: kwa mita tano, vijiko vitatu vya rangi, vitatu vya kostiki soda, sita vya haidro (unga wa kemikali unaoifanya rangi iyeyuke), na maji ya kutosha. Kijiko gani? Cha chai au cha mezani? Cha kusawazisha au cha mlima? Kostiki ya vigae na kostiki ya punje hazijai kijiko kwa uzito mmoja, na unga wa haidro nao una uzito wake. Halafu hizo mita tano ni za kitambaa gani? Mita tano za kitambaa cha gramu 100 kwa mita ya mraba na mita tano za kitambaa cha gramu 200 zina urefu mmoja, lakini ya pili ina pamba maradufu, nayo hunywa rangi maradufu. Ndiyo maana fundi yule yule, kwa vijiko vile vile, leo anapata bluu ya bahari na kesho anapata bluu iliyopauka, akadhani rangi ya dukani imechakachuliwa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Kitambaa cha mita 5, upana mita 1.5, uzito gramu 130 kwa mita ya mraba: mita 7.5 za mraba mara 130 ni gramu 975. Ukitaka rangi iliyokolea kwa asilimia 3 ya uzito wa kitambaa, unahitaji gramu 29 za rangi. Maji yawe mara 20 ya uzito wa kitambaa, yaani lita 19 na nusu. Kwa rangi zinazotumika sana kwenye batiki, zile zinazokwenda na kostiki na haidro, vipimo vya kuanzia ni gramu 5 hadi 8 za kostiki kwa kila lita, na haidro hivyo hivyo. Ukichukua gramu 6, ni gramu 117 za kila kimoja. Karatasi ya mtengenezaji wa rangi ndiyo yenye neno la mwisho, kwa sababu kila rangi ina tabia yake, na karatasi hiyo inapaswa kubandikwa ukutani pale karakana, si kutupwa pamoja na mkebe.

Mwanafunzi aelezwe pia kinachotokea ndani ya beseni, maana asiyejua sababu hawezi kurekebisha kosa. Rangi za aina hii haziyeyuki kwenye maji matupu. Haidro, ndani ya maji yenye kostiki, ndiyo inayoigeuza rangi iwe katika hali ya kuyeyuka ili ipenye kwenye nyuzi za pamba. Kitambaa kikitolewa, oksijeni ya hewani huirudisha rangi katika hali yake ya kutoyeyuka, safari hii ikiwa imefungiwa ndani ya uzi. Hapo ndipo uimara unapotoka. Haidro ikipungua, chembe za rangi ambazo hazikuyeyuka hukaa juu ya kitambaa kama vumbi juu ya meza. Kitambaa kinaonekana kimekolea vizuri, pengine kuliko kile kilichotiwa rangi sawasawa, lakini ukikisugua kinaacha alama kwenye vidole.

Dalili zake zinaonekana kwa macho. Rangi nyingi za kundi hili hubadilika sura zikiyeyuka: rangi ya nili, kwa mfano, huwa kimiminika cha manjano yenye ukijani, na juu yake huelea utando unaong'aa kama shaba. Zipo chache ambazo hubaki karibu na rangi yake, kwa hiyo kutazama peke yake hakutoshi. Mwalimu awape wanafunzi vipande vya karatasi iliyopakwa rangi ya manjano ya kundi hili hili: kikichovywa kwenye beseni kikageuka bluu, haidro ipo ya kutosha, kikibaki manjano, imekwisha. Maji yakianza kuwa na ukungu na punje katikati ya kazi, usiongeze rangi. Ongeza haidro kiasi cha gramu moja kwa lita na kostiki kidogo, kwa sababu haidro ikiharibika huila kostiki pia, kisha subiri dakika chache maji yasafike. Na mkebe wa haidro ufungwe kila unapochota. Katika hewa ya pwani, unga ulioachwa wazi hupoteza nguvu, hushikamana mabonge, na mpimaji akachota gramu 117 za kitu ambacho nusu yake si haidro tena.

Kuna hatari ambayo hatuwezi kuipita kimya. Kostiki hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa mti. Maji hayamwagiwi juu ya kostiki, yatachemka na kuruka usoni. Haidro iliyolowa maji machache hupata joto yenyewe na inaweza kuwaka, kwa hiyo haiwekwi kwenye ndoo yenye unyevu wala haichotwi kwa kijiko kilicholowa. Glavu za mpira, miwani, na ndoo ya maji safi karibu. Tumeona picha za mafunzo ambamo kina mama wanakoroga kwa mikono mitupu na watoto mgongoni. Anayeandaa mafunzo ya namna hiyo anabeba dhamana kubwa.

Jambo la joto ndilo linaloivuruga batiki kuliko yote. Rangi nyingi za kundi hili hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 50 hadi 60. Mshumaa wa parafini huanza kulainika na kuyeyuka karibu na hapo hapo, na nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Mwanafunzi akifuata joto la karatasi ya mtengenezaji, nta inalegea na mchoro unaharibika; akichovya kwenye maji baridi tangu mwanzo, rangi haiyeyuki. Njia ni kutenganisha kazi mbili. Rangi iyeyushwe kwanza kwenye chombo kidogo, lita moja au mbili, kwa sehemu ya kostiki na haidro, nyuzi 50 hivi, dakika 10 hadi 15, mpaka ibadilike sura. Ndipo imiminwe kwenye beseni kubwa la maji ya nyuzi 25 hadi 30 lenye kostiki na haidro iliyobaki. Zichaguliwe pia zile rangi ambazo mtengenezaji ameandika zinafaa kwa maji yasiyo ya moto. Hizo kwa kawaida huhitaji chumvi ya kuzisukuma ziingie kwenye pamba. Kitambaa kizame kabisa kwa dakika 30 hadi 45, kigeuzwe taratibu bila kutoatoa juu, kwa sababu kila kipande kinachochungulia hewani hukauka na kuacha doa lenye ukingo.

Baada ya hapo kitundikwe kivulini nusu saa kipate hewa, kisha kisuuzwe. Na hapa ndipo tunapoona uzembe mkubwa: kukichemsha kwa sabuni kunachukuliwa kuwa njia ya kutoa nta tu. Kuchemsha dakika 15 hadi 20 kwenye maji yenye sabuni na magadi soda kidogo kunafanya kazi mbili zaidi. Kunaondoa chembe zilizokaa juu, ambazo ndizo zingechafua shati la jirani, na kunaituliza rangi ndani ya uzi ikapata sura yake ya kweli. Rangi ya kabla ya kuchemsha na ya baada yake zinaweza kutofautiana waziwazi. Anayelinganisha rangi kabla ya kuchemsha analinganisha kitu ambacho bado hakijafika. Nta inayoelea ienguliwe wakati maji bado yanachemka. Ukiacha sufuria ipoe, nta itarudi kuganda kwenye kitambaa kama mafuta kwenye mchuzi uliolala.

Lakini hata ukipima rangi kwa gramu, kitambaa kisipojulikana ni bure. Jora linaloitwa pamba sokoni mara nyingi limechanganywa na poliesta, na rangi tulizozitaja haziishiki poliesta kwa njia hii. Kila mwanafunzi afundishwe kuchoma uzi. Chomoa nyuzi chache za mtande (zinazokwenda kwa urefu wa jora), na nyingine za mshindio (zinazokwenda kwa upana) ukiziweka mbali, kwa sababu yapo majora ambayo mtande ni pamba na mshindio ni mchanganyiko. Zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, sogeza moto. Pamba huwaka haraka kwa mwali wa manjano, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini ya kijivu ambayo ukiyapuliza hayapo. Poliesta hujikunja kukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha shanga ngumu ambayo kucha haiipasui. Ukiona majivu yenye vipunje vigumu ndani yake, ni mchanganyiko, nao utatoka na rangi hafifu kama jamvi lililokaa juani. Zoezi hili linachukua dakika mbili na linaokoa jora zima.

Kisha tone la maji. Weka tone moja juu ya kitambaa kilichokauka. Likinywewa ndani ya sekunde chache, kitambaa kiko tayari. Likikaa juu kama umande kwenye jani la muhogo, bado kina wanga wa kiwandani na mafuta ya asili ya pamba. Tone la iodini litakuonyesha huo wanga kwa kugeuka bluu iliyokaribia nyeusi. Kitambaa kama hicho kichemshwe saa moja kwa sabuni na gramu 2 hadi 3 za magadi soda kwa lita, kisuuzwe, kijaribiwe tena. Wengi huloweka kwenye maji baridi usiku kucha na kuridhika. Baadhi ya wanga utatoka, mafuta yatabaki, na mabaka yatakuja kuonekana baada ya fedha ya rangi kwisha kutumika.

Tuseme neno pia kuhusu magadi, kwa kuwa ni mali yetu. Zipo rangi za aina nyingine, zinazoshikana na pamba kwa maji ya vuguvugu, ambazo huhitaji magadi soda iliyosafishwa badala ya kostiki na haidro. Wapo wanaotumia magadi ghafi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, kisha wakaona rangi inatoka hafifu. Sababu ni ya kikemia na ni rahisi kuieleza. Magadi ghafi, kama yale yanayotoka Ziwa Magadi nchini Kenya, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu pamoja na maji, na ndani yake kuna chumvi na udongo. Baikaboneti hushusha ukali wake: kipimo cha pH huwa karibu 10, wakati rangi inataka 10.5 hadi 11. Kiwandani magadi hayo huchomwa, baikaboneti ikageuka kaboneti, ndipo hupatikana magadi soda. Kwa hiyo karatasi za kupimia pH si anasa ya maabara. Na rangi hizi zikishachanganywa na magadi huanza kufa papo hapo, kwa kuwa hushikana na maji badala ya pamba. Rangi iliyochanganywa asubuhi haifai jioni, hata kama kwenye ndoo inaonekana imekolea vile vile. Anayeitunza hadi kesho anatunza maji ya rangi yatakayochuja kwenye kufua kwa kwanza.

Sasa utafiti, neno ambalo katika vyuo vyetu linasikika kama kitu cha maprofesa tu. Utafiti wa kitambaa unaanza na vipande vinne vya gramu 10. Chukua mfano wa rangi asilia, ambazo siku hizi zimependwa sana. Mwanafunzi anachemsha bizari, anapata manjano inayong'aa, anaandika katika ripoti yake kuwa amepata rangi ya asili isiyo na madhara. Akate kipande, afunike nusu kwa kadibodi, akiweke dirishani penye jua wiki mbili. Akifunua ataona mstari: upande uliofunikwa bado una manjano, upande wa jua umekufa. Bizari haivumilii jua, hilo linajulikana, na hakuna maneno mazuri yatakayoibadilisha. Basi ajaribu maganda ya vitunguu au majani ya mkaratusi, lakini kwa utaratibu: kipande kimoja bila kitu, cha pili kilicholowekwa kwenye shabu asilimia 15 ya uzito wa kitambaa, cha tatu kilichoanza na maji ya magome yenye ukakasi ndipo kikaingia shabu, cha nne kilichopitishwa kwenye maji ya misumari yenye kutu. Kitambaa kimoja, maji sawa, muda sawa, joto sawa; kibadilike kitu kimoja tu. Akibadilisha viwili kwa pamoja hatajua kipi kimeleta tofauti. Chuma kitaitia rangi weusi, nacho kikizidi huidhoofisha pamba ikachanika baada ya muda, kwa hiyo aandike na uimara wa kitambaa, si sura yake tu. (Magome ya mikoko hutoa wekundu mzuri, lakini mikoko ni misitu iliyohifadhiwa, mwalimu asiwatume vijana kwenda kubandua magome.)

Vipimo vya uimara visisubiri mashine ya mamilioni. Mashine ya kusugua, kwa viwango vya kimataifa, ina kidole chenye kipenyo cha milimita 16 kinachokandamiza kwa nguvu ya nyutoni 9 na kusugua kwenda na kurudi mara 10. Chuo kisicho nayo kinaweza kuanza na kipande cha mti kilichotiwa uzito, kikafungwa kitambaa cheupe cha pamba cha sentimita 5 kwa 5, wakasugua mara 10 kikiwa kikavu na mara 10 kikiwa kimelowa. Doa lililobaki linalinganishwa na kadi ya kijivu yenye madaraja 1 hadi 5, ambamo 5 ni kutochafua kabisa. Kwa kufua, kipande cha sentimita 10 kwa 4 kishonewe kwenye kitambaa cheupe cha ukubwa huo huo, viingie kwenye maji yenye gramu 5 za sabuni kwa lita, nyuzi joto 40, dakika 30, vikitikiswa. Kitambaa cheupe ndicho shahidi. Kazi isiyofika daraja la 4 kwa kufua isiende sokoni bila mnunuzi kuambiwa aifue peke yake.

Yote haya yaingie kwenye daftari la sampuli. Kila ukurasa uwe na kipande kilichoshonwa kwa uzi (gundi hubadilisha rangi ikazeeka), uzito wa kitambaa, jina na namba ya rangi kama ilivyo kwenye mkebe, gramu, lita, joto, dakika, tarehe, na matokeo ya kusugua na kufua. Ukurasa wa kazi iliyoharibika ubaki. Huo ndio wenye thamani zaidi kwa mwanafunzi wa mwaka unaofuata, na mara nyingi ndio unaochanwa usiku wa kuamkia usahihishaji, kwa sababu alama zinatolewa kwa kazi iliyotundikwa ukutani tu. Tunawaomba wakuu wa idara waugawe upya mtihani: nusu ya alama iende kwenye daftari.

Ubunifu wa kanga nao una vipimo vyake, na hapa kompyuta imewapumbaza wengi. Kanga ni kipande cha sentimita 150 kwa 110 hivi, chenye pindo pande zote nne, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini, navyo huuzwa viwili, doti. Mwanafunzi anachora maua ya pindo yenye hatua (umbali kutoka ua hadi ua) ya sentimita 9, anayazungusha, na kwenye kona ua linakatwa kichwa. Angepiga hesabu kwanza: pindo likiwa na upana wa sentimita 15, upande mrefu unabaki na 120 kati ya kona na kona, upande mfupi unabaki na 80. Hatua ya 8 inaingia mara 15 huku na mara 10 kule, kamili. Hatua ya 9 haiingii popote. Kona nayo huchorwa peke yake, kwa kuwa ni kitu cha tatu, si mwendelezo wa upande huu wala ule. Tazameni kisutu cha zamani, ile kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, muone pindo linavyofika konani bila kujikwaa.

Tena kanga haivaliwi ikiwa imetandazwa. Ikifungwa kiunoni, sehemu kubwa ya mji hujikunja na kupotea, na jina hukaa nyuma, linasomwa na anayekuja. Mchoro ulio katikati kabisa, ambao kwenye kioo cha kompyuta ndio ulioteka macho, unaweza kuishia ndani ya mkunjo. Kabla ya kutengeneza skrini ya kuchapia, mwanafunzi achore kwa mkaa kwenye kitambaa cha marekani cha ukubwa kamili, amfunge mwenzake, arudi nyuma hatua saba, asome jina. Kama halisomeki, herufi ni ndogo au zimebanana. Na jina liwe la kanga kweli, lenye kuchapa na kuficha kwa wakati mmoja. Tangazo la kampeni lililogawanywa mistari miwili halijawa jina kwa kuwekwa juu ya pindo.

Kila rangi ina skrini yake. Rangi mbili zinazopakana ziachiwe kupandana nusu milimita hadi milimita moja, la sivyo kitambaa kikicheza kidogo mezani utaona uzi mweupe kati ya jani na ua, kanga nzima. Zianze nyepesi, zifuate nzito. Na kabla ya yote kitambaa kijaribiwe kurudi: weka alama mbili zenye sentimita 50 kwa urefu na nyingine kwa upana, fua, kausha, pima. Kikirudi 47.5 kwa urefu, kimeingia asilimia 5, na duara ulilolichora litakuwa yai.

Lipo pia suala la kumbukumbu. Leso zilianza katika karne ya 19, jina lenyewe likitoka kwenye neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, wanawake wa pwani wakinunua vitambaa vilivyochapwa na kuviunganisha kwa kushona. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887, na alama yake ya Mali ya Abdulla bado inasomwa kwenye kanga hadi leo. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini. Kanga zimechapwa Ulaya, Japani, India na China. Na hapa Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Anayetaka kusoma historia hiyo kwa kuigusa hukuta sehemu nzuri ya kanga hizo iko kwenye makumbusho ya Ulaya, wakati hapa nyumbani zinachanwa kuwa nepi na vitambaa vya kufutia jiko.

Kabati la vitambaa haligharimu sana. Vitambaa vizungushwe kwenye mirija ya kadibodi iliyofunikwa kwa marekani iliyofuliwa, visikunjwe, kwa sababu mkunjo wa miaka ndio unaokuwa mpasuko. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye utepe wa pamba na kushonwa. Pini huota kutu. Vikae mbali na jua, na pwani dirisha la chumba hicho lipitishe hewa, kwa kuwa unyevu ukizidi asilimia 65 ukungu huanza. Kila kitambaa kiandikiwe vipimo, idadi ya nyuzi kwa sentimita upande wa mtande na wa mshindio zilizohesabiwa kwa lenzi, jina neno kwa neno, maandishi ya ukingoni yenye alama na namba ya mchoro, na maneno ya mwenye nacho: kilinunuliwa wapi, kwa shughuli gani, kilivaliwaje.

Mifano ya kuunganisha shule na karakana tunayo. Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret, Kenya, mwaka 2007, mwanafunzi akawa na mashine za kweli za kujifunzia. Makerere imefundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoanza mwaka 1937, na jirani zetu wa Uganda wanalo vazi la gome la mti wa mutuba ambalo UNESCO imelitambua. Sisi tunalima pamba Shinyanga, Simiyu na Mwanza na sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa nyuzi ghafi. Hatusemi kila chuo kinunue kiwanda. Tunasema karakana ya batiki ipate mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, kipimajoto, karatasi za pH, kadi ya kijivu na lenzi ya kuhesabia nyuzi. Vyote hivyo vinaenea kwenye mkoba mmoja.

Ombi la mwisho ni kwa wasomaji wako. Mwenye kanga ya bibi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, au yenye alama ya mchapaji ukingoni, asiichane hata kama imetoboka. Asiifue kwa dawa ya kung'arishia nguo. Aivingirishe, aandike kwa penseli ilikuwa ya nani na ilinunuliwa kwa sherehe gani, kisha aulize chuo kilicho karibu naye kama kina pa kuitunza. Kama hakina, aendelee kukaa nayo, na aulize tena mwaka ujao.

Wako katika kazi,
Walimu na wachapaji wa vitambaa,
Dar es Salaam